Wito kwa Watu wa Saza: Tuwafundishe Watoto Kuyajua Matimba ya Maandishi

Ndugu zangu wananchi wa Saza, nanyi jirani zetu wa Mkwajuni hata Tunduma mpakani,

Hakuna mchimbaji mwenye akili timamu ateremkaye katika duara la mgodi pasi na kuyatazama kwanza matimba, yale magogo ya kushikilia dari, akajua ni gogo lipi libebalo uzito na ni lipi lililotiwa kuziba pengo tu. Maana ardhi hii ya Lupa, iliyoanza kuwavuta watu kwa dhahabu yake tangu miaka ya 1920, imekwisha kutufunza kwamba asiyejua kinachoshikilia dari, siku ikiporomoka humporomokea yeye. Ajabu ni kwamba sisi hawa, wenye hadhari kubwa kiasi hicho chini ya ardhi, tukipewa karatasi ya mkataba huku juu huitia sahihi bila kuuliza imejengwaje. Twauona mgawo ulioandikwa mwanzoni, roho zikatua, wala hatufiki kule ndani ambako neno "isipokuwa" au "endapo" limejikalia kimya, tayari kuitengua nusu ya ahadi iliyotangulia.

Zamani tulikuwa na udhuru, kwa kuwa sheria ziliandikwa kwa Kiingereza. Udhuru huo umepungua tangu mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Lakini kufahamu maneno si kufahamu maandishi, kama vile kulijua kila gogo kwa jina lake si kujua kulijenga duara. Mtoto wetu katika somo la ufahamu huulizwa nani alifanya nini, naye huinakili jibu kutoka aya ya pili akapata alama zake. Ni nadra kuulizwa kwa nini aya hiyo imewekwa pale, na kingeanguka nini lau ingeondolewa.

Elimu hii ya kuujua muundo wa maneno si ngeni kwetu. Malenga wa pwani walikuwa wakilipima shairi kwa beti, mishororo, vina na mizani, hata msikilizaji asiyejua kusoma akaitambua kwa sikio lake mizani moja iliyopungua katika 16 za mshororo. Na mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi akazichapisha kanuni hizo kitabuni, ili kila atakaye ajifunze. Kilichofaa kwa shairi kitashindwaje kufaa kwa mkataba, tangazo, barua na hotuba?

Kwa hiyo nawasihi tushikamane. Walimu, tengeni kipindi kimoja kila juma, wanafunzi wachukue maandishi mafupi, wayapasue sehemu sehemu, waitaje kazi ya kila sehemu, kama ni dai, sababu, ushahidi, sharti au hitimisho. Kisha waifiche sehemu moja na kutazama ni ipi nyingine iliyobaki bila mhimili. Wenye leseni na viongozi wa vyama vya wachimbaji, wapeni walimu nakala za mikataba yenu, majina yakiwa yamefutwa. Mashehe, mapadri na wachungaji, baada ya ibada waulizeni vijana khutba ilianzia wapi, ikageukia wapi, na ikakomea wapi. Nasi wazazi, mtoto akisoma nyumbani, tusiridhike na kumwuliza karatasi yasema nini. Tumwulize pia kwa nini hili limetangulia lile.

Wala tusiseme muda ungalipo. Leseni ya uchimbaji mdogo hudumu miaka 7. Mtoto aliye na miaka 11 hivi leo atakuwa na miaka 18 leseni iliyotolewa mwaka huu itakapotakiwa kuhuishwa, naye ndiye atakayekabidhiwa kalamu.

Tuanze basi mahali tunapokutana sote. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa mbele yetu, nasi huipigia makofi. Katika mkutano ujao, kabla mkono wowote haujainuliwa kuipitisha, na asimame mwanafunzi mmoja wa shule yetu atuoneshe taarifa hiyo imesimama juu ya nini: tarakimu ipi yaibeba ipi, na ni wapi pasipo na gogo. Akimaliza, ndipo tupige kura.