Daftari la Wiki: Sanduku, Sisimizi na Taa Zilizozimwa

Narudia lalamiko langu la siku zote: washeni taa! Wapelelezi wa tamthilia ya CSI wanaingia kwenye nyumba yenye umeme, swichi iko pale mlangoni, na bado wanatafuta damu kwa tochi. Giza lina kazi yake, kwa mfano pale dawa ya luminoli inaponyunyizwa ili damu iliyofutwa ing'ae. Kwingineko, mara nyingi mtaalamu anataka mwanga wote anaoweza kuupata.

*

Visigino virefu kwenye eneo la tukio: hapana.

*

Wiki hii nimekaa tena na "Grave Danger", sehemu iliyofunga msimu wa 5 wa CSI. Quentin Tarantino ndiye aliyeiongoza. Ilirushwa Marekani Mei 19, 2005, na watu zaidi ya milioni 30 wakaitazama. Mnaijua: Nick Stokes anatekwa akiwa kazini Las Vegas, anazinduka amezikwa hai ndani ya sanduku la plastiki angavu. Wenzake wanaweza kumwona kwa kamera, na hapo ndipo ulipo ukatili wa hadithi hii. Wakibonyeza ili wamwone, taa inawaka ndani ya sanduku. Taa ikiwaka, feni inayompelekea hewa inazimika. Kila wanapomtazama wanampunguzia pumzi. Katika misimu yote 15 sijaona ubunifu uliopita huo. Wanampenda, wanataka kuhakikisha yu hai, na hamu hiyohiyo ndiyo inayommaliza.

Kisha wanakuja sisimizi wekundu wenye sumu. Wanapenya sandukuni, wanamng'ata usoni, na mimi kila mara hugeuza shingo. Grissom, mpelelezi mwenzake Nick, hageuzi. Yeye ni mtaalamu wa wadudu, na tangu mwanzo tumemzoea na mitungi yake ofisini. Anasogea kwenye skrini, anawachunguza, anawatambua: Solenopsis invicta. Asili yao ni Amerika Kusini. Waliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, miaka ya 1930. Jangwa la Nevada si kwao, kwa sababu wanahitaji unyevu. Basi Nick atafutwe penye udongo unaomwagiliwa, kwenye bustani ya kuoteshea miche. Mdudu anayemtesa ndiye anayewaonyesha wenzake njia. Hakuna kompyuta inayolia na kutema jina la mhalifu. Yupo mtu aliyesoma, akakumbuka alichokisoma saa kilipohitajika. Hiyo ndiyo sifa ya kazi hii, na ndiyo sababu naipenda tamthilia hii pamoja na makosa yake yote.

Lakini kinachonirudisha kwenye sehemu hii ni Walter Gordon, mtekaji. Fedha hazikuwa lengo lake. Binti yake, Kelly, yuko gerezani kwa ushahidi uliopita mikononi mwa maabara, na baba anaamini mtoto kaonewa. Anataka wataalamu waonje kukaa na kutazama mpendwa wao akiteketea, wasiwe na la kufanya. Alichofanya ni unyama, na hadithi haimtetei. Hata hivyo haiiachii maabara iondoke ikijipongeza. Mwishoni Nick mwenyewe, majeraha hayajapona, anakwenda gerezani kuonana na Kelly. Waandishi wangeweza kufunga kwa makofi. Wakatupeleka gerezani. Heshima kwao.

*

Maana ushahidi wa maabara haukuzaliwa kwa ajili ya kufunga watu tu. Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba mwaka 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza. Polisi walipomletea kesi ya wasichana wawili waliouawa, tayari walikuwa na kijana aliyekiri mauaji mojawapo. Vipimo vikasema si yeye, na kijana akaachiwa. Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988. Kazi ya kwanza kubwa ya vinasaba katika jinai ilikuwa kumfungulia mlango asiye na hatia. Natamani kila mwendesha mashtaka alikumbuke hilo.

*

Kuhusu Grissom na wadudu wake: Song Ci wa China alisimulia kisa cha namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1247. Mtu kauawa kwa mundu. Msimamizi akaamuru wanakijiji walete miundu yao, waipange chini. Nzi wakatua juu ya mmoja tu, kwa harufu ya damu ambayo jicho halikuiona.

*

Nick na mwenzake Warrick walirusha sarafu kuamua nani aende kwenye tukio ambako Nick alitekwa. Sina la kuongeza.

*

Na wale wanaosema alama za vidole hazikosei, wasome habari za Madrid. Baada ya mabomu ya treni ya Machi 2004, FBI walimkamata wakili wa Oregon wakidai alama iliyokutwa Hispania ni yake. Polisi wa Hispania wakaonyesha kuwa ni ya mtu mwingine, na FBI wakaomba radhi. Alama haikukosea, waliokosea ni walioilinganisha.

*

Frank Gorshin, mchekeshaji anayeonekana na Tony Curtis katika "Grave Danger", alifariki Mei 17, 2005, siku mbili kabla ya onyesho. Sehemu hiyo ikatunukiwa yeye.

*

Chini ya sanduku la Nick kuna baruti. Nick, kwa kiherehere cha kutoka, anataka kusukuma kifuniko. Grissom anaweka kiganja juu ya plastiki na kumwita "Pancho", jina la utani analoitwa na baba yake. Nick anatulia, anainua mkono, viganja vinakutana. Nililia. Nitalia tena nikiirudia.

*

Ombi moja. Mtu akiuawa mtaani, tunajazana. Tunamgusa, tunamfunika kwa khanga ya jirani, tunaokota kisu, tunapiga picha na kuzisambaza WhatsApp. Tanzania tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009 na tuna Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini sampuli iliyochafuliwa na miguu yetu hakuna mashine ya kuisafisha. Kama majeruhi bado anapumua, msaidieni upesi. Kama amekwisha fariki, rudini nyuma, msiguse kitu, wazuieni watoto, waiteni polisi.