SINEMA YA KUCHEKESHA SI UPUUZI

Muhula huu tulionyeshwa shuleni sinema ya Kiingereza iitwayo Genevieve, iliyotengenezwa mwaka 1953. Baadaye, katika mkutano wa wazazi, mzee mmoja alisema kwamba vichekesho na mapenzi vitatuharibu, afadhali saa zile tungefanya hesabu. Namheshimu sana mzazi wetu huyo, lakini kwa ruhusa yake napenda kutoa maoni yangu.

Genevieve ni jina la motokaa kuukuu ya mwaka 1904. Alan na mkewe Wendy walisafiri nayo kutoka London hadi Brighton, pamoja na rafiki yao Ambrose, naye akiwa na gari lake kuukuu na msichana wake. Huko wanaume wakagombana kwa wivu, wakawekeana pauni 100: atakayerudi London na kufika kwanza daraja la Westminster ndiye mshindi. Njiani wakafanyiana hila nyingi, nasi tukacheka mpaka machozi.

Karibu na mwisho, mzee mmoja alimwendea Alan. Zamani alikuwa na gari kama lile, akataka kulizungumza. Kila dakika ilikuwa na thamani, hata hivyo Alan alimsikiliza kwa adabu. Hapo ukumbi wetu ulinyamaza. Nilijikumbuka mwenyewe: nitokapo Katindiuka kwenda Ifakara mjini kwa baiskeli, nikimkuta mzee njiani humpigia kengele tu. Shikamoo yangu humfikia nikiwa nimekwisha mpita.

Tena wako wasemao kwamba kuigiza ni kazi ya watu wasio na maana. Wakumbuke kwamba miaka ile ile ya 1950 Mzee Rashidi Mfaume Kawawa alicheza katika sinema ya kuchekesha ya hapa kwetu, Muhogo Mchungu. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Kuchekesha watu hakukumpunguzia heshima.

Kwa hiyo naomba sinema hizi zisikomeshwe. Zionyeshwe mara moja kila muhula, siku ya Jumamosi, saa za hesabu zisiguswe. Na wazazi waalikwe, tucheke pamoja na kuzungumza baadaye. Mimi, tangu siku ile, nikimwona mzee nateremka kwenye baiskeli. Bado sijachelewa shuleni.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu