Za kwetu je?

Ndugu mwandishi, sarafu ya China uliyoiandikia umeisifia ikasifika, ila za China zilizopatikana kwetu hukuzigusa kabisa. Mwaka 1945 kule Kajengwa, Makunduchi, zilifukuliwa zaidi ya mia, nyingi za enzi ya Song. Mwaka 2013 kisiwani Manda, Kenya, ikatangazwa moja ya mfalme Yongle: tundu la mraba katikati, herufi nne za Kichina kulizunguka.

Sisi wa Kinondoni tuna magofu ya Kunduchi, ambako makaburi yalipambwa kwa bakuli za kaure kutoka hukohuko China. Na wewe msomaji wa Temeke, ukichimba msingi ukaokota sarafu, usiwaite madalali. Ipeleke Makumbusho ya Taifa.