Dirisha Si Nakala

Kila muhula nawasikia wenzangu wa kompyuta wakilalamika kwamba OpenCV, maktaba tunayoitumia kuchakata picha, "inaharibu picha". Mtu amechukua kipande cha picha, akakipaka weusi, kisha akakuta picha nzima nayo ina doa. Maktaba haina kosa. Kosa liko katika namna tunavyofundishwa.

Picha ndani ya kompyuta ni matriksi ya namba. Picha ya rangi yenye safu mlalo 3000 na safu wima 4000 hubeba baiti milioni 36, na kuzinakili ovyo ni kujaza kumbukumbu bure. Kwa hiyo ukiandika kwa Python kipande = picha[20:70, 10:110], hupewi nakala bali dirisha la kutazamia namba zile zile. Ukiandika kipande[:] = 0, picha yenyewe inabadilika. Ukiandika kipande = 0, picha inabaki ilivyo; umelibandua tu jina kutoka dirishani ukalibandika kwenye sifuri. Nani alitueleza hayo darasani?

Katika C++ mtego ni mbaya zaidi. A.row(1) = A.row(2) haiigusi A, wala hailalamiki. Inatakiwa A.row(2).copyTo(A.row(1)). Anayeamini kwamba alama ya usawa hunakili atakesha akitafuta kosa asilione.

Wahadhiri wengine wana dawa moja: weka clone() kila mahali. Samahani, hiyo ni kuficha ugonjwa. Aliyetaka kurekebisha picha yenyewe atarekebisha nakala, na kazi yake itapotea kimyakimya.

Ningependa saa moja tu, kabla ya somo la vichujio: chora ubaoni majina mawili na mishale miwili inayoelekea matriksi moja. Maneno tunayo: jina, dirisha, nakala. Hayahitaji hata projekta.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Niliandika kabla = picha, nikafuta madoa ya jani la muhogo kwenye picha, kisha nikalinganisha mbili hizo. Tofauti ikawa sifuri kila mahali. Nikaandika katika ripoti kwamba jani halikuwa na madoa tangu mwanzo. Hakuna aliyeniuliza lolote, na alama nilizopewa zilikuwa nzuri.