Mwenye Nyavu Kapata Nini?

Ijumaa iliyopita hapa Kilwa Masoko, khatibu mmoja alimzungumzia kijana wa miaka 19 aliyeiba nyavu za mzee mmoja. Kijana huyo hajawahi kushtakiwa. "Samaki mkunje angali mbichi," khatibu akasema, "afungwe, atashika adabu." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Maneno yale yananichoma mpaka leo.

Nijibiwe jambo moja tu: mwenye nyavu kapata nini? Kijana akipigwa miezi 6, nyavu hazirudi. Mzee ataendelea kuazima za jirani, na kodi yake itamlisha ugali na maharage yule yule aliyemwibia. Hiyo ndiyo haki tunayoishangilia?

Sheria imeona mbali kuliko sisi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inampa hakimu nafasi, pale anapoona kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, kuamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo huku akilala kwao, chini ya afisa wa uangalizi. Fidia nayo mahakama inaweza kuiamuru. Basi kijana afagie soko la samaki asubuhi, usiku aende baharini, na kila anachopata akatwe fungu la mzee mpaka deni liishe. Hapo mwenye nyavu kapata.

Wapo wanaodai kufagia si adhabu. Hao hawaijui pwani. Kushika fagio mbele ya shangazi zako, mbele ya wazazi wa binti unayetaka kumposa, ni fedheha isiyosahaulika. Gerezani nani anamwona? Anakaa na wapiga baruti na wezi wa pikipiki, anatoka kafundwa. Samaki hukunjwa akiwa na maji yake. Ukishamfanya ng'onda hakunjiki, anavunjika.

Na hawa wanaoamini kufuli wanasahau haraka. Desemba 9, 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa mpigo. Serikali yenyewe inafungua milango kwa maelfu, sisi tunahimiza wengine waingizwe kwa ajili ya nyavu!

Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga aliye chini ya miaka 18. Wa miaka 17 anafundishika. Akitimiza 18, eti dawa yake ni gereza tu. Na huyo mtoto naye, akitakiwa shule ya maadilisho, safari yake ni Irambo, Mbeya. Kila kitu cha serikali kiko mbali na Kusini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara pale Somanga, tulitengwa na Dar es Salaam, na wakubwa wakatutaka subira. Kusini tumezoea kuambiwa tusubiri.

Lakini hili halihitaji kusubiri Dodoma. Mahakimu wa Kilwa na Lindi, sheria mnayo mezani. Itumieni kwa kila kijana wa kosa la kwanza asiyemwaga damu ya mtu. Nanyi wazee wa mtaa, afisa wa uangalizi akija kuuliza habari za kijana, msijifiche. Semeni mnavyomjua, kisha mtajeni mtu mzima atakayesimamia deni lake.