Miti Iliyorudi Shinyanga

Juma hili tuzungumze juu ya kuni. Najua wengine watasema, "Kuni! Hilo ni jambo la akina mama." Ndiyo sababu hasa nalileta mbele ya baba wa nyumba. Maana baba wengi huijua barabara bei ya pamba na bei ya ng'ombe, lakini ukimwuliza mkewe hutembea mwendo gani kutafuta mzigo mmoja wa kuni, atakuna kichwa kwanza.

Kila nchi huishi kwa nguvu fulani ya moto. Wengine wana makaa ya mawe, wengine mafuta, wengine umeme wa mito. Katika Tanzania nyumba nyingi bado hupika kwa kuni au mkaa. Basi mti kwetu ni jiko. Tena ni boma la ng'ombe, ni kivuli, ni dawa, ni mpini wa jembe. Mti ukikosekana, mambo mengine mengi hulegea nyuma yake, na mtu huenda asijue yalianzia wapi.

Tutazame Shinyanga, nchi ya Wasukuma kusini ya Ziwa Viktoria. Zamani ilikuwa nchi ya migunga na nyasi. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Kiingereza pamoja na watemi waliwaita watu kwa maelfu wakate mapori, ili kumfukuza mbung'o. Tusiwacheke watu wale. Mbung'o alikuwa akiua ng'ombe, na malale yalikuwa yakiua watu. Baadaye mapori mengine yalikatwa ili ndege waitwao kwelea wasipate pa kulala, maana kundi lao likishuka katika shamba la mtama halibakizi kitu.

Halafu ikaja pamba. Baada ya vita iliyokwisha mwaka wa 1945, pamba ya Usukuma iliongezeka sana, na fedha ikaingia vijijini. Watu walisomesha watoto, wakaezeka mabati. Fedha iliyobaki wakanunua ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye benki ya Msukuma: huzaa, hulima, hutolewa mahari, na wakati wa njaa huuzwa. Lakini shamba jipya la pamba ni pori lililofyekwa, na ng'ombe wapya wanataka majani. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Kila mzee alipiga hesabu ya nyumba yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Hesabu ya nchi nzima ndiyo haikupigwa na mtu.

Wazee walikuwa na dawa yao ya zamani, nayo ni ngitili. Mtu huchagua kipande cha malisho, na mvua zianzapo hukifunga. Ng'ombe hawaingii. Nyasi hukua, na miti midogo huinuka katikati yake. Kiangazi kikiwa kikali, majani mahali pengine yamekwisha, ndipo ngitili hufunguliwa; kwanza kwa ndama, kwa wanyama wagonjwa, na kwa maksai ambao lazima wawe na nguvu za kulima mvua zitakaporudi. Haina seng'enge wala ukuta. Kinachoizunguka ni mapatano ya watu, basi.

Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kwenda kukaa pamoja katika vijiji vipya. Mambo mema yalipatikana huko, kama shule na zahanati. Lakini ngitili zilibaki nyuma kwenye mahame, mbali na macho ya wenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe hujulikana kinavyotendewa. Huku vijijini nyumba mpya zilitaka nguzo, na watu wengi mahali pamoja walitaka kuni pamoja. Ilipofika mwaka wa 1986, ngitili zilizohesabiwa katika mkoa mzima zilikuwa hektari 600 hivi, yaani eka 1,500. Kwa mkoa mkubwa namna ile, hicho ni kiraka tu.

Sasa angalia mambo yanavyofuatana. Mama akikosa kuni hupika kwa mabua na kwa mavi ya ng'ombe. Mavi yale yangekuwa mbolea. Yakichomwa, shamba hukosa chakula chake. Shamba likidhoofika mavuno hupungua, na baba huongeza shamba jingine ili afidie, naye hukata miti iliyosalia. Kiangazi kijacho kuni ziko mbali zaidi. Binti anayetumwa kuzifuata hufika shuleni kengele imekwisha pigwa, au hafiki kabisa. Hivyo umaskini huingia kwa mlango wa jikoni, mahali ambapo hata mwenye kitabu cha hesabu za kijiji hatazami.

Mwaka huo wa 1986 Serikali ilianzisha kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu huiita HASHI kwa kifupi. Nchi ya Norwei ilisaidia kwa fedha. Mwanzoni juhudi kubwa ilikuwa ya kuotesha miche katika bustani na kuwagawia watu wapande. Kazi nzuri, lakini mche mchanga wataka maji kila siku, na mbuzi wa jirani hana heshima kwa mche wa Serikali. Halafu mabwana miti wakafanya jambo ambalo wataalamu hawalifanyi mara nyingi: wakawauliza wazee ninyi zamani mlifanyaje. Wazee wakajibu: ngitili.

Ikaonekana kwamba miti mingi haikuwa imekufa. Juu palikuwa peupe, lakini chini mizizi na visiki vilikuwa hai, vikingoja miaka miwili mitatu bila jino la mbuzi na bila panga. Basi vijiji vikaanza kufunga maeneo tena. Baadhi ya ngitili ni za mtu na jamaa yake, nyingine za kijiji au za shule. Mkutano wa kimila uitwao dagashida ukaweka sheria na faini, na sungusungu wakalinda. Hapakuwa na haja ya kumleta askari kutoka mjini.

Ilipofika kazi ile kumalizika mwaka wa 2004, ngitili zilikuwa zimepita hektari 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wachunguzi walihesabu ndani yake aina zaidi ya 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo. Watu walipata tena kuni karibu, majani ya kuezekea, fito, asali, matunda na dawa. Vijiji vingine viliuza fito na majani na kutumia fedha kwa kazi za shule.

Kwa nini mambo yalifaulu pale, hali mahali pengine mabango ya "Panda Miti" yamedumu kuliko miti yenyewe? Mimi naona sababu ni kwamba mkataji na mwenye hasara walikuwa mtu mmoja. Ukikata ngitili yako leo, maksai wako ndio watakaoanguka mwezi wa kumi. Akata mti wako jirani, dagashida inamjua kwa jina.

Biashara ya mkaa wa mjini haiko hivyo. Mchomaji yuko Kilosa au Kilindi, mpishi yuko Dar es Salaam, na mwenye lori yuko katikati. Kila mmoja ana haja ya kweli. Katika tanuri la udongo sehemu kubwa ya nguvu ya mti hupotea kwa moshi. Kilo moja ya mkaa huweza kula kilo sita za kuni, au zaidi. Mpishi wa mjini haoni kisiki hata kimoja. Januari 2006 Serikali ilipiga mkaa marufuku ghafula. Bei ikapanda, watu wakalia, kwa maana sufuria haingoji, na baada ya majuma machache marufuku ikaondolewa. Amri iliyokataza moto bila kuleta moto mwingine ingeishije?

Sitaki mdhani kwamba Shinyanga yote ni asali. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi pana ndiye mwenye ngitili kubwa, na mwenye eka mbili hawezi kufunga hata moja, kwa kuwa atakula nini? Huyo hutegemea ngitili ya kijiji, na kama wakubwa wakiigawana, atanunua kuni kwa jirani. Tena tunaongezeka. Hesabu ya watu Tanzania mwaka wa 1967 ilipata milioni 12. Ile ya mwaka wa 2022 ilipata karibu milioni 62. Ngitili ya babu ikigawiwa wana sita, kila mmoja ana kipande kisichotosha ndama.

Kwa hiyo moto mwingine ni lazima uje. Mwaka wa 2024 Serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka wa 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie. Ni lengo zuri, lakini wakubwa wakumbuke jambo dogo la dukani. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo. Gesi hujazwa mtungi mzima, kwa fedha ambayo nyumba nyingi za vijijini hazina mpaka mavuno yauzwe. Mama anayerudia kuni si mpinzani wa maendeleo. Anahesabu alichonacho mkononi.

Wazee wenye ngitili, ombi langu kwenu ni hili: isemeni habari yake mngali hai, mbele ya wake zenu na mabinti zenu pia, kama itagawanywa au itabaki moja ya jamaa nzima. Mambo haya yakiachwa mpaka matanga, panga huamua.

Na asiye na ngitili atazame visiki vilivyo shambani mwake kabla ya kulima. Huko Dodoma wameieneza njia hii, wakaiita Kisiki Hai. Katika machipukizi mengi ya kisiki kimoja chagua mawili au matatu yaliyo manyofu na yenye nguvu, uyapunguze matawi ya chini, na uyafunge kitambaa ili mwenye jembe na mchungaji wayajue. Rudia kuyapunguza kila yanapochipua. Hayo mengine uliyokata yafunge mzigo, umpelekee mama jikoni.