Maneno ya Kusema Kabla ya Matokeo

Kila mwaka, mwezi Novemba, zaidi ya nusu milioni ya vijana wa Tanzania hufanya mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kisha hurejea nyumbani kungoja. Katika miaka ya karibuni Baraza la Mitihani limekuwa likitangaza matokeo yao mwezi Januari. Wenzao wa kidato cha sita, wanaofanya mtihani mwezi Mei, hupata yao Julai. Kwa Baraza, wiki hizo ni za kusahihisha na kukokotoa. Kwa mzazi, mtoto yuko likizo. Kwa kijana mwenyewe, ni wakati wa kungoja jambo ambalo hana tena uwezo wa kulibadili, akiwa chini ya paa la watu ambao heshima yao, kwa fikra zake, inategemea jambo hilo.

Sisi wa taaluma ya afya tumezoea kukutana na kijana huyu baada ya matokeo kutoka, pale anapoletwa akiwa amejifungia chumbani kwa siku kadhaa, hali chakula, au amekwisha kujidhuru. Hapo sote huulizana tungefanya nini. Maoni yangu ni kwamba jibu la swali hilo limo katika wiki zilizotangulia. Maneno yanayomlinda kijana yanapaswa kutamkwa kabla matokeo hayajatoka, nayo yatamkwe na mzazi.

Mwili unaongoja

Hofu ya jambo lisilojulikana huuamsha mwili kana kwamba hatari imekwisha kufika. Homoni za msongo, kotizoli ikiwa mojawapo, hupanda. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo huvurugika. Msongo wa muda mfupi hauna madhara makubwa, na hata humsaidia mtu kujiandaa. Lakini mwenye kungoja matokeo hana la kujiandalia. Karatasi zimekwisha kukusanywa, na nguvu iliyoamshwa mwilini haina kazi ya kufanya, hivyo humgeukia mwenyewe.

Usingizi ndio huathirika kwanza. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa usiku mmoja. Anayengoja matokeo hukesha na simu akifuatilia uvumi wa tarehe, hulala alfajiri na kuamka mchana, kisha huitwa mvivu. Kukosa usingizi huzidisha wasiwasi, na wasiwasi hufukuza usingizi. Baadaye huja maumivu ya kichwa, kichefuchefu, tumbo la mara kwa mara, na hasira zisizo na chanzo cha kuonekana.

Wengi watapita salama katika hali hiyo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Mtihani peke yake haumwui mtu. Kujiua huwa na sababu nyingi zilizofungamana: sonona isiyotambuliwa, ugomvi wa nyumbani, ukatili, upweke, ulevi. Lakini siku ya matokeo yaweza kuwa siku ambayo sababu hizo zote hukutana. Ikumbukwe pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuwezesha kupima mambo na kuona mbali zaidi ya saa hii, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Aibu ambayo mtu mzima anajua itapita baada ya mwaka, kijana huiona kama ndiyo maisha yake yote.

Kwa nini kabla

Mzazi mwema atauliza: kwa nini nisingoje niyaone matokeo, nikamfariji ikibidi? Kwa sababu faraja na ahadi ni vitu viwili. Maneno yanayokuja baada ya matokeo mabaya, hata yakiwa matamu, kijana huyasikia kama huruma ya mtu aliyekwisha kuvunjika moyo. Maneno yaleyale yakisemwa kabla, wakati mzazi naye hajui yatakuwaje, huwa ni ahadi isiyo na masharti, na kijana anaweza kuitegemea.

Tena, katika wiki hizo kijana anasikiliza kuliko tunavyodhani. Anasikia mama akimwambia jirani, “Huyu asiponitoa kimasomaso, sijui nitauficha wapi uso wangu.” Anasikia baba akisema mezani, “Ukileta sifuri, utatafuta pa kuishi.” Mzazi anatania, au anajituliza wasiwasi wake mwenyewe. Kijana hasikii utani, anahesabu. Akishajumlisha hayo yote, anajua nini kitatokea siku hiyo, na huenda akapanga lake bila kumwambia mtu.

Kwa msichana hesabu hiyo yaweza kuwa na tarakimu za ziada. Katika baadhi ya familia, matokeo ndiyo yanayoamua kama ataendelea na shule, ataozwa, au atapelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Hofu yake si ya alama. Anayemwambia asiwe na wasiwasi bila kumhakikishia kwamba mlango wa elimu utabaki wazi kwake, hajamwambia kitu.

Ahadi ninayoizungumzia ni fupi. Inaweza kusemwa jioni, jikoni au njiani mkitoka shambani, kwa maneno kama haya: “Mwanangu, matokeo yakija mazuri tutafurahi. Yakija mabaya tutahuzunika pamoja, na keshoyake tutakaa kutafuta njia. Hutafukuzwa, hutapigwa, hutasimangwa. Wewe ni mwanangu kabla ya matokeo na baada yake.” Kisha mzazi aitimize ahadi hiyo kwa tabia yake ya kila siku, maana kijana huyapima maneno kwa matendo.

Njia zilizopo baada ya matokeo

Ahadi huwa na nguvu zaidi ikiambatana na maarifa. Wazazi wengi hutishia kwa sababu wao wenyewe wanaamini kwamba nje ya kidato cha tano hakuna kitu. Haiko hivyo. Vipo vyuo vya ufundi stadi vya VETA, vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi, vipo vyuo vya kati vinavyotoa astashahada na stashahada, na upo utaratibu wa kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mzazi na kijana waweza kuzifuatilia njia hizi pamoja mwezi Desemba, masharti na gharama zake, wakati vichwa vingali vimetulia. Kijana mwenye njia tatu akilini mwake haitazami karatasi moja kama hukumu.

Wala matokeo yenyewe si kipimo cha milele. Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipewa daraja la sifuri. Nchi ilitikisika, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mwezi Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Kwa majibu yaleyale waliyoyaandika mwaka uliotangulia, baadhi ya waliokuwa na sifuri wakajikuta wamefaulu. Mzazi aliyemfukuza mwanawe Februari alikuwa amemhukumu kwa kipimo ambacho hakikudumu hata miezi minne.

Hoja ya mchelea mwana kulia

Najua litakalosemwa: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wako wazazi wanaohofia kwamba kijana akihakikishiwa upendo hata akifeli, atalegea. Hoja hii ina haki ya kujibiwa, hasa ikitoka kwa mzazi aliyeuza mazao au kukopa kwenye kikundi ili mtoto apate sare, chakula na masomo ya ziada. Uchungu wake ni wa kweli, na kijana anapaswa kuujua.

Lakini methali hiyo ina wakati wake. Ukali wa kumsimamia mtoto asome ulikuwa na mahali pake kabla ya mtihani. Kati ya siku ya mwisho ya mtihani na siku ya matokeo, hakuna kitisho kinachoweza kuongeza hata alama moja. Kinachoweza kuongezeka ni hofu tu. Na baada ya matokeo, aliyeteleza atahitaji nguvu ya kuanza upya, ambayo haitoki kwenye kusimangwa. Kumhakikishia kijana nafasi yake nyumbani hakumfutii wajibu. Mzazi anaweza kusema wazi, “Hukujitahidi vya kutosha, na safari hii tutapanga ratiba pamoja,” bila kumtishia kumkana.

Siku yenyewe

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha utaratibu wa kutaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Mashindano hayo yaliyoondolewa kwenye tangazo la taifa yangali hai kwenye makundi ya simu ya familia. Matokeo huwekwa mtandaoni kwa namba ya mtahiniwa, na yeyote mwenye namba hiyo anaweza kuyafungua. Mara nyingi shangazi aliye mkoa mwingine huyaona kabla ya mwenyewe.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, namba ya mtahiniwa isigawiwe. Kijana mwenyewe aamue nani apewe. Pili, wakubaliane mapema nani atayafungua, wapi, na nani awepo. Wapo vijana wanaotaka kuyaona peke yao kwa dakika chache, na hilo si kosa, ilimradi mtu mzima anayeaminika yuko karibu. Tatu, siku hiyo na siku zinazofuata, kijana mwenye matokeo mabaya asiachwe peke yake nyumbani, na dawa za mashambani, sumu za panya na vidonge vilivyobaki vifungiwe mbali. Kuondoa vitu vya hatari mahali pa karibu huokoa maisha, kwa sababu wazo la kujidhuru mara nyingi huja kwa kishindo kisha hupungua.

Zipo dalili ambazo hazipaswi kungoja: kijana anayesema afadhali asingezaliwa, anayeaga au kugawa vitu vyake avipendavyo, aliyeacha kabisa marafiki na michezo, anayekunywa pombe ghafla, au ambaye huzuni yake imepita wiki mbili bila kupungua. Huyo apelekwe kituo cha afya. Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo nchini, na mzazi au kijana mwenyewe anaweza kuitumia.

Kwa wenzangu wahudumu wa afya

Kuanzia Desemba, katika zahanati na vituo vyetu, kijana wa miaka 17 akija na maumivu ya tumbo au ya kichwa, tutampima malaria, na pengine taifodi. Vipimo vikirudi safi, wengi wetu humwandikia dawa ya vidonda vya tumbo na kumwambia aende. Nawasihi tuongeze maswali mawili yasiyohitaji maabara: “Je, unangoja matokeo?” na “Unalala vipi?” Jibu likitia shaka, tumwombe mzazi atoke kidogo, tuulize la tatu: “Umewahi kufikiri kwamba ni heri usiwepo?”

Wengi tunaliogopa swali hili tukidhani litampandikizia wazo. Haliko hivyo. Kumwuliza mtu kwa utulivu kuhusu kujiua hakumsukumi kufanya hivyo. Mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye kuna mtu aliyekubali kusikia. Akijibu ndiyo, asirudishwe nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Asiachwe peke yake, mzazi aitwe na kuelezwa kwa staha, na apewe rufaa ya kwenda kwenye huduma ya afya ya akili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Na mzazi naye aulizwe hali yake. Wapo wanaokosa usingizi kuliko watoto wao.

Walimu wakuu, viongozi wa dini na wenyeviti wa mitaa wanaweza kutusaidia kulisema jambo hili mapema, kwenye mahafali ya Oktoba, misikitini, makanisani na kwenye mikutano. Lakini hakuna atakayeweza kulisema kwa niaba ya mzazi. Ewe mzazi unayesoma makala hii ukiwa kwenye benchi la kusubiri huduma, ikiwa nyumbani kwako yumo kijana anayengoja, usingoje tarehe itangazwe. Mwambie leo jioni.